Kinjikitile wa Habari na Kinjeketile wa Mchezo: Maneno kwa Walimu wa Bonde la Rukwa

Michezo ya kuigiza iliyotungwa kwa Kiswahili si haba, lakini ni michache iliyosomwa shuleni kwa muda mrefu kama *Kinjeketile*, kilichotungwa na Ebrahim Hussein na kupigwa chapa na Oxford University Press mwaka 1969. Tangu mwaka ule kimepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki, na walimu wengi wamekifundisha. Lakini kukifundisha ni jambo moja, na kukifundisha vema ni jambo lingine, hasa katika nchi iliyo mbali na mahali mambo yale yalipotukia.

Siku moja tulipokuwa tukisoma mchezo huu na wanafunzi wa Kamsamba, tulifika mahali ambapo Kinjeketile avutwa na Hongo hata akazama mtoni. Mwanafunzi mmoja akasimama kwa adabu akauliza, "Mwalimu, hongo si rushwa? Rushwa yamvutaje mtu majini?" Darasa zima likacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini baada ya kicheko tuliona ya kwamba swali lile lilikuwa la haki, na kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumewapa kitabu bila kuwapa ufunguo wa nyumba.

Katika maneno haya machache twataka kuwaeleza walimu wenzetu, na mapadre na wachungaji walio na shule mikononi mwao, namna tuonavyo yafaa kuwaongoza wanafunzi katika mchezo huu na katika habari za kale zilizo nyuma yake. Neno letu kubwa ni hili: kuna watu wawili wenye jina karibu moja, mmoja wa habari na mmoja wa mchezo. Mwalimu asiyewatenganisha huwaharibu wote wawili. Naye awatenganishaye, kisha akauliza kwa nini wametofautiana, amewafundisha wanafunzi wake historia na fasihi kwa mara moja.

I. Ugumu wa wanafunzi wetu

Kamsamba iko chini katika Bonde la Rukwa, kando ya mto Momba uendao kumwaga maji yake ziwani. Wenyeji wa pande hizi ni Wanyamwanga, Wawanda na jamaa zao, na siku hizi wamo pia wafugaji waliohamia kutoka Usukuma pamoja na ng'ombe wao. Vita vya Maji Maji havikufika huku. Vilianza katika milima ya Umatumbi, kaskazini ya Kilwa, vikaenea Ungindo, Uzaramo, Mahenge, Ungoni, Upangwa na sehemu za Ubena. Wahehe, waliokuwa wamekwisha kupigana vita vyao wenyewe na Wadachi chini ya Mkwawa hata alipokufa mwaka 1898, hawakuingia. Nao pamoja na Wasangu walikuwa upande wa Serikali. Kwa hiyo moto ule ulizimika kabla ya kufika katika nchi zetu.

Mtoto wa Umatumbi au wa Songea aweza kuwa na mzee wa kumwambia, "Hapa ndipo babu yetu aliponyweshwa maji," au, "Pale ndipo walipozikwa." Mtoto wa Kamsamba hana mzee wa namna hiyo. Shahidi wake ni kitabu peke yake, na shahidi aliye peke yake huaminiwa kupita kiasi. Matokeo yake tumeyaona katika karatasi za majaribio. Mwanafunzi aliyeulizwa katika historia juu ya mwisho wa Kinjikitile aliandika ya kwamba alishikwa baada ya watu wake kushindwa, akateswa gerezani, akakataa kuyakana maji. Mwingine, aliyeulizwa katika fasihi juu ya mwisho wa mchezo, aliandika ya kwamba Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kila mmoja alikuwa na jambo la kweli mkononi, lakini amelipeleka nyumba isiyo yake.

II. Habari zenyewe

Mwalimu hawezi kueleza mchezo bila kuwa na habari hizi kwa utaratibu wa miaka yake. Tutazitaja kwa ufupi.

Wadachi walikwisha kuimiliki pwani baada ya kuvunja upinzani wa Abushiri miaka ya 1888 na 1889. Baadaye wakaweka kodi ya nyumba, na juu ya vijiji vingi wakaweka maakida, ambao wengi wao walitoka pwani na hawakuwa wa kabila la watu waliowatawala. Mwaka 1902, katika utawala wa Gavana von Götzen, ulianzishwa mpango wa mashamba ya pamba ya kijiji. Watu wazima walilazimishwa kulima shamba hilo siku 28 kila mwaka, nao wakati wa kazi ile mara nyingi ulikuwa ndio wakati wa mashamba yao wenyewe. Ujira ulikuwa mdogo mno hata mahali pengine watu walikataa kuupokea. Pamoja na hayo zilikuwako kazi za barabara na za mashamba ya walowezi, na kiboko juu ya vyote.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alichukuliwa na pepo Hongo, akaingia katika kilindi cha maji. Wazee walisimulia ya kwamba ndugu zake walimtafuta wasimwone, na siku ya pili akatoka nguo zake zikiwa kavu. Tokea hapo akaanza kuwapa watu dawa ya maji yaliyochanganywa na mbegu za nafaka. Maji haya yangewakinga na risasi za Wazungu. Watu wa makabila mbalimbali wakamwendea kwa makundi, na habari zikaenda kwa kunong'onezana kutoka kijiji hata kijiji. Pamoja na dawa zilikuwako amri: mpiganaji asilale na mwanamke, wala asiteke mali. Jambo hili mwalimu asilisahau, kwa maana ndilo linaloeleza kwa nini imani haikufa mara watu walipoanza kuanguka: wengi walisema ya kwamba aliyeanguka alikuwa amevunja mwiko.

Mwisho wa Julai 1905 watu wa Nandete, katika Umatumbi, waling'oa pamba katika shamba la Serikali. Huo ndio mwanzo wa vita. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro, nayo vita ilikuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa. Tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss wa shirika la Mt. Benedikto, pamoja na mabradha wawili na masista wawili, waliuawa walipokuwa safarini kuelekea bara. Tarehe 30 Agosti makundi makubwa yaliishambulia boma ya Mahenge, wakauawa wengi kwa bunduki za mtombo. Septemba Wangoni wakaingia vitani, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea siku moja, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kufa. Mapigano yalikwisha mwaka 1907.

Lakini waliouawa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa kwa njaa, maana majeshi ya Serikali yalichoma vijiji na ghala na kuharibu mashamba. Serikali ya Wadachi ilihesabu watu 75,000 waliokufa. Mtaalamu wa historia G. C. K. Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee miaka ya 1960, alikadiria 250,000 hata 300,000. Mwanafunzi aambiwe hesabu zote mbili, na aambiwe nani alihesabu ipi.

III. Mahali mtungaji alipoziacha habari

Ebrahim Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, si mbali na milima ile ambako vita vilianza. Mchezo wake ulitokea katika miaka ileile ambayo Gwassa na wenziwe walikuwa wakiandika maneno ya wazee. Basi hakuwa mtu asiyejua habari. Naye mwenyewe, katika utangulizi wa kitabu, awaonya wasomaji ya kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, na kwamba hakukusudia kuandika tarehe ya mambo yaliyotukia. Utangulizi huu wanafunzi wengi huuruka kwa sababu haumo katika mtihani. Sisi twashauri usomwe kwanza, kwa sauti, na uandikwe ubaoni kwa muhtasari.

Tofauti zilizo kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni wakati wa kifo. Kinjikitile wa habari alikufa vita vilipoanza. Hakuona Mahenge, wala njaa, wala maiti za watu waliomwamini. Kinjeketile wa mchezo aachwa hai hata watu wake washindwe, ili mtungaji apate kumweka gerezani na kumwuliza swali ambalo yule wa kwanza hakuulizwa mbele yetu: Je, sasa utakiri ya kuwa maji ni uwongo?

Ya pili ni shaka. Katika mchezo, Kinjeketile atokapo mtoni hunena maneno ambayo si yake, na miongoni mwa maneno hayo asema ya kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Akili zimrudiapo, akisikia alivyosema, moyo wake washtuka. Seyyid Said ni Sultani wa Unguja, aliyekwisha kufa tangu mwaka 1856. Kumtoa Mdachi ili kumkaribisha bwana mwingine ni ukombozi gani? Tangu hapo twamwona mtu aliyebeba neno kubwa kuliko yeye mwenyewe. Ataka watu wangoje wapate nguvu na mazoezi ya vita. Watu hawataki kungoja. Neno limemtoka kinywani, nalo halirudi.

Ya tatu ni watu walio kando yake. Kitunda, shujaa na rafiki, apewa kazi ya kufundisha jeshi, naye ni mtu atazamaye mambo kwa macho makavu. Mchezo wafunguliwa na wanawake, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumza juu ya njaa na juu ya waume waliopelekwa kazini kwa Bwana Kinoo. Kwa mazungumzo haya ya jikoni mtungaji ameeleza mpango wa pamba kuliko kurasa kumi za kitabu cha historia. Mwalimu akae hapa muda mrefu.

Kwa nini basi mtungaji amezibadili habari? Hapa ndipo fasihi ianzapo. Mwaka 1969 Tanganyika ilikuwa imepata Uhuru miaka minane tu iliyopita, na Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili. Swali la nchi halikuwa tena namna ya kumwondoa mtawala, bali namna ya watu wa makabila mengi kuwa kitu kimoja, na ni neno gani liwezalo kuwaunganisha, na itakuwaje neno hilo likiwa na kasoro ndani yake. Kinjikitile wa Mohoro, aliyekufa mapema, asingeweza kulibeba swali hili hata mwisho. Ikampasa mtungaji kumwongezea maisha.

Gerezani Kitunda amsihi akiri, ili watu wasiendelee kufa. Kinjeketile akataa. Hasemi ya kwamba maji yalikuwa kweli. Aona tu ya kwamba akiyakana maji, adui atawafundisha wajukuu kwamba hata kusimama kwao kulikuwa kosa. Je, amefanya vema? Mwalimu asilijibu swali hili kwa niaba ya darasa. Kitunda ana haki yake, nayo ni kubwa: maisha ya watu. Kinjeketile naye ana yake. Mchezo ambao upande mmoja una haki yote haufai kufundishwa.

IV. Maneno yafunguayo mlango

Wasomaji wa kurasa hizi wapenda maneno, nasi tumeona ya kwamba maneno machache ya mchezo huu, yakichunguzwa vema, huwafungulia wanafunzi habari nyingi.

*Hongo.* Siku hizi hongo ni rushwa. Katika karne ya kumi na tisa, hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara iliwalipa watemi ili iruhusiwe kupita. Huko Rufiji na Umatumbi, Hongo ni pepo wa maji. Na wakati wa vita, mjumbe aliyeyachukua maji kwenda nchi nyingine aliitwa hongo pia. Hatusemi ya kwamba matumizi haya yote yametoka katika shina moja. Twasema tu ya kwamba mwanafunzi ajue ni lipi lililo mbele yake. Baada ya swali la yule kijana, tuliandika maana hizi ubaoni, na tangu siku ile hakuna aliyecheka tena.

*Akida.* Neno hili zamani lilikuwa la cheo cha kijeshi pwani. Wadachi walilifanya jina la mtumishi wa Serikali aliye juu ya majumbe. Wanafunzi waulizwe: Mtu wa pwani akiletwa kuwatawala watu wa bara, asiyejua miiko yao wala lugha yao, itakuwaje?

*Kinoo.* Ni jiwe la kunolea visu. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuwapa Wazungu majina ya kupanga, na mara nyingi jina lilikuwa hukumu. Wanafunzi waulizwe ni majina gani ya namna hiyo bado yakumbukwa katika nchi yao, nao watajua jinsi mtu aliyenyimwa sauti alivyotumia jina kama silaha.

*Kinjikitile na Kinjeketile.* Tofauti hii ya herufi yaweza kuwa msaada mkubwa. Sisi huwaambia wanafunzi: penye *i* ni mtu wa habari, penye *e* ni mtu wa mchezo. Akiandika insha, kwanza aangalie herufi yake, ndipo aendelee.

Tena wanafunzi wakumbushwe ya kwamba watu wa vita vile hawakusema Kiswahili cha kitabu majumbani mwao. Walisema Kimatumbi, Kingindo, Kingoni na nyinginezo. Kiswahili cha mchezo ni kama pazia: chatuwezesha kuona, lakini pia chafunika kitu. Huwa twawapa wanafunzi mazungumzo ya wale wanawake wawili, wayasome nyumbani kisha wayaseme tena kwa Kinyamwanga, au Kiwanda, au Kisukuma. Mara hiyo Bi Kitunda huacha kuwa mtu wa kitabu, huwa shangazi wa mtu.

V. Swali la maji

Twafika mahali ambapo walimu wa misheni hujikwaa. Wako wanaosema kwa haraka, "Hayo yalikuwa ushirikina wa watu wasiojua," kisha wakaendelea. Maneno hayo yana hasara mbili. Hasara ya kwanza, mwanafunzi atoka akiwadharau babu zake, kana kwamba watu maelfu walikwenda mbele ya bunduki kwa upumbavu tu. Hasara ya pili, hajifunzi kuitambua dawa ya namna hiyo ikimjia yeye mwenyewe.

Katika Bonde la Rukwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Miaka ya 1930 ilipita katika Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini na kusini-magharibi ya Tanganyika habari ya mchape, ambayo Ufipa iliitwa kamchape. Waganga walizunguka vijijini, wakawanywesha watu dawa ya kuwaosha uchawi, ili kijiji kiwe safi na watu waishi kwa amani. Mambo hayo yamerudi mara kwa mara kwa majina mengine, na katika mkoa wa Songwe watu wamewafahamu waganga waitwao lambalamba. Wanafunzi wetu wanajua habari hizi kuliko walimu wao, ila hawazisemi mbele ya mwalimu.

Tukizitaja kwa utulivu, bila mzaha wala vitisho, twaweza kuuliza: Kamchape na maji ya Ngarambe vyafanana wapi, na vyatofautiana wapi? Wanafunzi wataona wenyewe. Yote mawili ni dawa itolewayo kwa watu wengi pamoja, na kila moja ina miiko yake. Na dawa ishindwapo, lawama humrudia aliyenyweshwa. Lakini kamchape humgeuza mtu amtazame jirani yake, amtafute adui ndani ya kijiji, na mara nyingi mzee au mjane ndiye alipaye. Maji yaliwageuza Wamatumbi na Wangindo, waliokuwa wametengana, wamtazame pamoja aliyewatia taabu kweli. Moja lilivunja kijiji, na jingine liliunga vijiji. Wala mwalimu asifiche ya kwamba hilo la pili pia liliwapeleka watu kifoni kwa ahadi isiyo kweli. Mambo haya mawili yawekwe mezani pamoja: umoja ulikuwa wa kweli, na kinga ilikuwa ya uwongo. Hili ndilo fundo la mchezo wote, na ndilo jambo lililomtia Kinjeketile shaka.

Mapadre na wachungaji wataulizwa pia, kama tulivyoulizwa sisi, juu ya maji ya ubatizo. Swali hili lisikemewe. Ni mahali pema pa kueleza ya kwamba Kanisa halikumwahidi mtu yeyote kukingwa na risasi, na ya kwamba wakristo wa kwanza walibatizwa wakijua yawezekana watauawa. Tena tusiifiche historia ya misheni zetu wenyewe. Wamisionari waliuawa, wamisionari wengine waliwabatiza watu waliokuwa wakingojea kamba. Watu wengi waliwaona wamisionari na Serikali kuwa kitu kimoja, na si kila mara waliwaona vibaya. Mwanafunzi akiuliza mambo haya, na ajibiwe kwa kweli, bila kuwageuza wafu wa upande wowote kuwa hoja.

VI. Utaratibu wa masomo

Kwa mwalimu atakaye njia iliyonyoka, huu ndio utaratibu ambao tumeuona kuwa wafaa. Watosha kwa masomo sita au saba.

Kwanza, kabla ya kueleza habari yoyote, onyesho la mwanzo lisomwe kwa sauti na wasichana wawili. Wengine wafunge vitabu wasikilize. Kisha waulizwe: Wanawake hawa wana taabu gani? Nani amewatia taabu hiyo? Waandike wanachokisikia tu.

Pili, mwalimu achore ramani ya nchi, aonyeshe mto Rufiji, Ngarambe, Nandete, Mohoro, Mahenge, Peramiho na Songea, kisha aweke alama ya Kamsamba. Umbali wenyewe utasema jambo.

Tatu, ubao ugawanywe sehemu mbili: *Yaliyotukia* na *Yaliyotungwa*. Kadiri mchezo unavyosomwa, wanafunzi waandike kila jambo mahali pake. Jambo lisilojulikana ni la upande gani lipewe mahali pake katikati. Wasilazimishwe kulihukumu.

Nne, wanafunzi wapewe kazi ya kuwauliza wazee wao. Wasiulize juu ya Maji Maji, maana wazee wa huku hawana habari zake; waulize juu ya kodi, juu ya kazi za lazima, juu ya mpaka uliogawa Wanyamwanga pande mbili, juu ya wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hata 1918. Vita vile vilipita karibu nasi, na jeshi la Wadachi liliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, mwezi Novemba 1918. Kijana akirudi na neno moja alilolisikia babu yake kwa baba yake, atajua ugumu wa Gwassa: ya kwamba mzee mmoja husema hivi na mwingine vile, na mwandishi hana budi kupima. Waulize kwa adabu, wakiwa wamepeleka kuni au maji, wala wasiandike mbele ya mzee bila kumwomba ruhusa.

Tano, onyesho la gerezani liigizwe mara mbili. Mara ya kwanza, mwenye kuigiza Kitunda ajitahidi kwa nguvu zake zote kuwafanya watazamaji wawe upande wake. Mara ya pili Kinjeketile afanye hivyo. Baada ya kila mara watazamaji waseme ni nani aliyewashinda mioyo na kwa neno lipi. Hapahitaji mavazi wala jukwaa. Kivuli cha mwembe na kigoda kimoja vyatosha.

Sita, kila mwanafunzi achague tofauti moja katika zile zilizo ubaoni, aandike kwa nini aona mtungaji aliifanya, na mchezo ungepungukiwa nini kama angefuata habari kama zilivyo. Insha hii ndiyo mtihani wetu wa kweli. Mwenye kuiandika vema hatachanganya tena *i* na *e*.

Twaongeza onyo moja. Mwalimu asimalize masomo haya kwa kusema ya kwamba vita vilishindwa, basi yamekwisha. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akasimama mahali pa makumbusho ya wale walionyongwa, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda watu wa nchi hii. Miaka 118 ilikuwa imepita tangu Nandete. Tulipowasomea wanafunzi habari hizi walinyamaza kidogo. Kisha mmoja, yuleyule aliyeuliza juu ya hongo, akasema, "Basi mtungaji alijua, Mwalimu. Kama Kinjeketile angekiri, nani angekuja kuomba msamaha?" Mwenzake akamjibu papo hapo, "Na waliokufa kwa njaa baada yake, nao wameombwa?" Hatukuwaamua. Kengele ililia, nao wakatoka wakibishana.

Walimu walio katika Ungoni, Umatumbi na Mahenge wana jambo ambalo sisi wa Kamsamba hatuna: wajukuu wa watu wenyewe. Twawaomba watuandikie katika kurasa hizi namna wazee wao walitajavyo jina la Kinjikitile, na maneno wayatumiayo kwa maji, kwa hongo na kwa vita vyenyewe, ili walimu wa bara ya mbali wapate kuwafundisha watoto wao kwa uaminifu.